Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Nyayo na Vifundo vya Miguu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Bingwa wa Mifupa,
Mwenyekiti wa Kikundi,
Wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi na mafundi wa viatu tiba,
Wazazi na walezi,
Wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kuacha majukumu yako mengi ili ujumuike nasi leo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kinawaunganisha watu wanaosumbuliwa na nyayo, visigino na vifundo vya miguu. Wamo waliovunjika na walioteguka, wenye kisukari, wakimbiaji, wanaofanya kazi za kusimama kutwa, na wazazi wa watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani. Tunakutana kufanya mazoezi kwa pamoja chini ya uangalizi wa wataalamu wetu wa fiziotherapia. Wengi wetu, kabla ya kufika hapa, tuliambiwa na watu wa karibu: "Ni mguu tu huo, utapoa wenyewe."

Kauli hiyo inatuuma. Wayo mmoja una mifupa 26 na maungio 33. Nyayo mbili zina mifupa 52, ambayo ni robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Mguu ukiuma, mtu hubadili mwendo bila kujijua, uzito unahamia upande wa pili, na haupiti muda goti na kiuno navyo vinaanza kudai haki yao.

Lililotuleta mbele yako ni jambo moja. Matibabu ya mguu hayaishii kwenye picha ya eksirei, wala hayaishi siku plasta inapokatwa. Sehemu kubwa ya tiba ni wiki na miezi inayofuata, na hapo ndipo mgonjwa huachwa ajitafutie.

Tuanze na kuteguka. Mguu unapinduka kwa ndani, ligamenti, yaani kamba zinazoshikanisha mfupa na mfupa, za upande wa nje wa kifundo zinavutika au kuchanika. Mwaka 1992 madaktari wa Canada wakiongozwa na Ian Stiell walichapisha utaratibu wa kuamua nani anahitaji eksirei, unaoitwa Kanuni za Ottawa, na tunafurahi kwamba wataalamu wetu wanaufuata. Wanabonyeza kwa vidole ncha na ukingo wa nyuma wa nundu zote mbili za kifundo, kwa urefu wa sentimita 6 kutoka chini. Wanabonyeza pia mfupa wa katikati ya wayo upande wa ndani, na kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo. Kisha wanaangalia kama mgonjwa anaweza kupiga hatua 4. Asiyeumia mifupani hapo, na anayeweza kupiga hatua hizo, uwezekano wa kuwa amevunjika ni mdogo sana na eksirei huwa si ya lazima. Kwa kutushika miguu kwanza kabla ya kutuandikia picha, tunawashukuru kwa dhati.

Tatizo linaanza baada ya hapo. Mgonjwa akishaambiwa hajavunjika, hupewa bendeji na dawa ya maumivu akaenda zake. Lakini ligamenti iliyochanika haikupoteza nguvu peke yake, imepoteza pia uwezo wa kuujulisha ubongo jinsi mguu ulivyokaa. Ndiyo sababu aliyeteguka mara moja huteguka tena, hata kwenye sakafu bapa. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja, kwanza ukiwa umeshika ukuta, baadaye bila kushika, na mwisho kwa kufumba macho. Zoezi hili halihitaji mashine yoyote. Linahitaji mtu wa kukufundisha na kukuuliza wiki ijayo umefikia wapi. Na ubaya wa kulipuuza huonekana miaka mingi baadaye, kwa kuwa kusagika kwa kifundo cha mguu, tofauti na kusagika kwa goti na nyonga, mara nyingi chanzo chake ni jeraha la zamani.

Wenzetu wa visigino wanayajua maumivu ya hatua ya kwanza ya asubuhi, mtu anaposhuka kitandani na kuhisi kana kwamba amekanyaga msumari. Wengi wao hutishwa na "mwiba wa mfupa" unaoonekana kwenye eksirei, wakadhani lazima ukatwe. Wapo watu wengi wenye mwiba huo wasiosikia maumivu yoyote. Kinachouma mara nyingi ni utando mgumu wa chini ya wayo pale unaposhika kisigino. Hapa kikundini tunafundishana kuketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kukanyaga chini, kuupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, kuvuta vidole kuelekea ugokoni hadi utando ukaze, kuhesabu hadi 10, kisha kurudia mara 10. Wengi hupona bila upasuaji. Ila hupona taratibu, pengine kwa miezi mingi, na asiyeambiwa hivyo mapema hukata tamaa akaanza kuhangaika kutafuta sindano.

Kano nene ya nyuma ya kisigino nayo inataka subira ya namna hiyo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha matokeo ya zoezi tunalolifanya hadi leo. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, unajiinua kwa mguu mzima, kisha unajishusha polepole kwa mguu mgonjwa mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Ni mizunguko 3 ya mara 15, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Lakini kano ikikatika kabisa hilo ni jambo jingine, na halisubiri. Mtu husikia kama amepigwa teke kwa nyuma, na kwa kuwa bado anaweza kuchezesha mguu kidogo, hudhani ni msuli tu. Daktari humlaza kifudifudi akakiminya kigimbi, na wayo usipojongea, kano imekatika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie zaidi kidogo kwenye suala la watoto wetu. Mguu kifundo unatibika, na kwa sehemu kubwa bila upasuaji mkubwa, kutokana na kazi ya Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Kila wiki mtaalamu huunyoosha mguu wa mtoto taratibu kwa vidole vyake, akaufunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Kwa kawaida plasta 5 hadi 7 hutosha. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, wakafungwa plasta ya mwisho ya takriban wiki 3. Plasta hiyo inapotolewa mguu umenyooka, na mzazi hulia kwa furaha.

Siku hiyo ya furaha ndiyo siku ya hatari. Mtoto anatakiwa avae viatu vilivyounganishwa kwa upau kwa saa 23 kila siku katika miezi 3 ya kwanza, kisha wakati wa kulala hadi afikishe umri wa miaka 4 hivi. Mtoto analia usiku, ndugu wanasema mguu mbona umeshanyooka, mwacheni mtoto apumzike, na mama hana wa kumuuliza. Kuacha kuvaa viatu hivyo ndiko kunakoongoza kuurudisha mguu ulikotoka. Haya si makosa ya mama. Amebebeshwa kazi ya miaka minne kwa maelezo ya dakika chache.

Wenye kisukari wana shida iliyo kinyume na yetu, kwamba mguu wao hauumi. Ganzi inaficha kidonda, na inaweza kuficha hata mfupa uliovunjika. Wayo uliovimba na kuwa wa moto bila maumivu makubwa unataka daktari siku hiyo hiyo.

Kutokana na hayo, Mheshimiwa, tuna maombi. Tunaomba mgonjwa asitoke chumba cha plasta bila tarehe ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, iwe imeandikwa kwenye kadi yake. Tunaomba siku ya kliniki ya mguu kifundo fundi wa viatu awepo, kwa kuwa mtoto anakua na viatu vinambana, na mzazi akiambiwa arudi siku nyingine wapo wasiorudi. Tunaomba pia kila mwenye kisukari avuliwe viatu na soksi na kupimwa hisia za nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hana malalamiko.

Kwa upande wetu, wazazi ambao watoto wao wamemaliza safari ya viatu wako tayari kukaa na wazazi wapya kila siku ya kliniki, na wanakikundi waliopona watasaidia kusimamia mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja. Tunachokuomba ni ridhaa yako na nafasi ya kukutania karibu na chumba cha plasta.

Baada ya hotuba yako, wanakikundi wataonyesha mazoezi ya ngazi na ya kisigino. Tutafurahi ukitukagua na kutusahihisha panapostahili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.