Mwanafunzi anayesinzia aulizwe kwanza kama amekula

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu na wazazi wenzangu wa vijijini hapa Dodoma kuhusu dalili za njaa ambazo tunaziona darasani na kuziita uvivu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino. Kati ya Januari na Machi, akiba ya nafaka ikiwa imepungua na wazazi wamedamkia shambani kupalilia, wapo wanafunzi wanaofika shuleni bila kutia kitu tumboni tangu ugali wa jana jioni. Ikifika saa nne mtoto hupiga miayo mfululizo, hulaza kichwa juu ya dawati au hulalamika kichwa kinamuuma. Mwingine hugeuka mkali kwa sababu tu jirani yake amegusa daftari lake, na ukimsogelea anapoandika utaona vidole vinatetemeka na kijasho kimemtoka puani ingawa hajakimbia. Huo si utovu wa nidhamu. Ubongo wa mtu mzima aliyepumzika hutumia takribani asilimia 20 ya nishati yote ya mwili, na wa mtoto hutumia zaidi. Sukari ya damu ikishuka mno, mwili humwaga adrenalini ili ini litoe akiba yake, na homoni hiyo ndiyo inayoleta mtetemeko.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mtoto huyo akiulizwa husema hasikii njaa, wala hasemi uongo. Homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi tumboni, hupanda saa zilizozoeleka za kula kisha hushuka hata kama mtu hakula, hivyo hamu ya chakula hutulia wakati upungufu wa nguvu uko palepale.

Kwa hiyo aulizwe amekula nini mara ya mwisho, na saa ngapi. Aulizwe pembeni, maana mbele ya wenzake atajibu kuwa ameshiba. Ikiwa amekula vizuri na bado amelegea, apelekwe zahanati, kwani malaria na upungufu wa damu navyo humlegeza mtoto vivyo hivyo.

Nazisihi pia kamati za shule zizungumzie uji wa wanafunzi wakati wa mavuno ya uwele na mtama, kila kaya ikiwa na cha kuchangia, badala ya kuitisha kikao Februari.

Mwalimu,
Chamwino, Dodoma