Taa ya Bluu

Kihesa, Iringa
14 Juni

Mpendwa Mama Neema,

Kamwene, shoga yangu. Huku tunatetemeka. Baridi ya Juni imeshika, asubuhi ukifungua mdomo kuwaamsha watoto unatoka moshi. Hawajambo wote, na yule mkubwa bado anaulizia ubuyu uliomwahidi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeona Toyota Passo ya pistoni tatu, yenye namba za usajili za herufi D, na mwenyewe anaiuza kwa sababu anasafiri. (Wauza magari wote wanasafiri. Sijui huko wanakokwenda wanaeneaje.) Unaniuliza kama kweli hivi vigari vinasumbua, maana mimi huu ni mwaka wa nne na kagari kangu, na shemeji yako mpaka leo anakaita cherehani.

Mimi sisemi injini ni mbovu. Hiyo ya Passo, ambayo mtaani tunaiita cc 990 ingawa ni 996, waliibuni Daihatsu, na inatumia cheni, kwa hiyo huna mkanda wa taimingi wa kukukatikia porini. Tatizo ni kwamba haina akiba. Oili yote ni kama lita tatu. Kwenye gari kubwa nusu lita ikipungua hutajua. Humo ni kama sehemu ya sita imeondoka, na ukikaa miezi bila kuchomoa stiki ya kupimia oili utashtukia taa nyekundu ya oili inawaka na injini inagonga. Hata koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, ni hivyo hivyo. Pistoni ziko tatu, moja ikilala umebaki na mbili, na kila bajaji inakupigia honi upishe.

Maji ya kupoza injini ndiyo yalinifundisha adabu. Unajua kagari nilikanunua mkononi kwa mtu. Dashibodi yake haina mshale wa joto, ina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa ya baridi, nyekundu ikichemka. Yangu ya bluu ilikuwa inawaka tangu natoka hapa Kihesa mpaka nafika sokoni mjini. Nami nikafurahi! Nikawa najisifu kwa majirani kwamba injini yangu haipati joto. Kumbe thamostati, kale kamlango kanakozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haikuwemo. Ndiyo dawa ya mafundi wengine: gari likichemsha, thamostati inatolewa, maji ya bomba yanajazwa, mambo yanaendelea. Injini isipopata joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha, inazidi kumwaga petroli. Ndiyo maana nilikuwa najaza mafuta kama mwenye lori na kulaumu kituo.

Basi tukatoka Morogoro, mimi na mama mkwe. Ruaha Mbuyuni akataka vitunguu. Nikasema gunia moja, akasema mawili, na unamjua. Tukaanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mafuta linalokwenda mwendo wa bibi harusi, kiyoyozi kinawaka, upepo wa kupoza rejeta hakuna. Kona ya tatu au ya nne taa nyekundu ikawaka. Nikasogea pembeni, mvuke unafuka kama tunapika makande. Nikachukua khanga nifungue kifuniko cha rejeta, dereva mmoja wa lori akanipigia kelele, "Dada, usifungue!" Mungu ambariki, maana ningeungua uso. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, mama mkwe anasali rozari, vitunguu vinanukia.

Fundi aliyekapokea huku Iringa alinionyesha rejeta imeziba kwa kutu, matope matupu. Kifuniko nacho mpira wake ulikuwa umekufa. Sikuwahi kujua kwamba kile kifuniko kina kazi: kinabana mgandamizo ndani ili maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Bei yake haifiki hata gunia moja la vile vitunguu. Kilichonitoa jasho ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ilikuwa imeungua, na oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hedi ikafunguliwa ikapelekwa kusawazishwa, rejeta mpya, thamostati mpya, kulanti, yaani dawa maalumu ya kupozea, badala ya maji ya bomba. Tangu siku hiyo ya bluu inazimika kabla sijafika lami, na mafuta yanakaa.

Kwa hiyo hiyo Passo nenda kaione alfajiri, na umwambie mwenyewe asiiwashe. Gusa boneti. Ukikuta la moto, ujue amekutangulia kuiwasha, na kuna jambo anaficha. Likiwa la baridi, fungua rejeta: maji yakiwa ya rangi ya udongo, nusu ya habari umeshaipata. Halafu ndiyo uwashe, uhesabu taa ya bluu inachukua muda gani. Liache gari lingurume dakika kumi, kisha mtu apige resi wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kutetemeka kidogo usikuogope, pistoni tatu ndivyo zilivyo, ila ukiweka gia ya D huku umekanyaga breki, vioo vikacheza, ujue maunti, zile raba zinazoshikilia injini, zimekwisha. Chungulia na pampu ya maji kama ina alama za kuvuja zilizokauka. Bushi na shokapu zitagonga tu kwa barabara zetu, hizo ni za kupunguziana bei.

Uliza ni ya mwaka gani. Zile za kwanza, za 2004 mpaka 2010, zina giaboksi ya otomatiki ya gia nne, inavumilia. Zilizofuata nyingi zina CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na hiyo inataka oili yake mwenyewe. Ukiambiwa "oili ya otomatiki ni ile ile", chukua mkoba wako uondoke. Ukiambiwa oili ya giaboksi haibadilishwi maisha, ondoka vilevile.

Usitoe hela ya kishika gari kwanza. Tarehe 28 nina safari ya Dodoma, tutaenda kuliona pamoja, nitakuja na tochi. Mama mkwe amesikia, anataka kuja kukusalimu. Tena ameshauliza nauli ya basi.

Wako,
Mama Abduli