Kabla hamjafunga bajeti ya kozi ya mwakani

Mombasa, Septemba

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata. Unauliza ile kozi ya likizo ya maendeleo endelevu ilikwendaje, maana mwakani ninyi ndio wenyeji wake. Tathmini niliifanya mimi, basi nikueleze niliyoyaona.

Fomu za siku ya mwisho zilijaa sifa tupu. Naamini vijana walisema kweli, lakini walizijaza mabegi yakiwa mlangoni, huku wakipeana namba za simu. Saa kama hiyo mtu hupima furaha yake. Tangu 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alionyesha kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne: watu wameyapenda? Wamejifunza nini? Wamebadili mwenendo? Kimepatikana nini hatimaye? Kozi nyingi nilizozipitia huishia ngazi ya kwanza, na ripoti ikishasainiwa hakuna anayeuliza tena.

Ngazi ya pili nayo ina mtego wake. Siku ya kufungua, wanafunzi waliombwa wajipe alama jinsi wanavyoyaelewa maendeleo endelevu. Wengi walijipa za juu. Fasili ya maendeleo endelevu ya Tume ya Brundtland ya 1987, ile ya kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho yao, wanaijua kwa moyo, na Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa wanayataja bila kusita. Siku ya kufunga, baadhi yao wakajipa alama za chini kuliko za mwanzo, hata mkufunzi mmoja akavunjika moyo. Mimi nilifurahi! Walikuwa wameanza kuona jambo hili lilivyo pana, na kipimo chao wenyewe kikabadilika. Ninyi wapeni kisa: mwekezaji anataka kufyeka mikoko ajenge hoteli, nawe umeitwa kwenye baraza la kijiji, utauliza maswali gani? Waandike siku ya kwanza, waandike tena siku ya mwisho, kisha msomaji asiyejua karatasi ipi ni ya lini azilinganishe. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuuliza idadi ya ajira, akamaliza kwa kuuliza wavuvi watapita wapi, maji taka yatakwenda wapi na ni nani atakayetia saini kwa niaba ya kijiji, huyo amejifunza.

Malazi, chakula na ratiba vilikuwa sawa, sina la kusema. Kilichoniuma ni upandaji wa mikoko.

Vijana walipelekwa kwanza Gazi, kule Kwale, wakaelezwa habari za Mikoko Pamoja. Mradi ule ulianza kazi 2013, unauza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 hivi za mikoko, yaani wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa wao hulipia msitu huo utunzwe, na mapato huingia katika mambo ya kijiji kama maji na shule. Mnunuzi wa hewa ukaa haridhiki na hesabu ya miche iliyopandwa, hivyo msitu hufuatiliwa na kutolewa ripoti kila mwaka. Ni somo zuri mno la tathmini, tena wanaolifundisha ni wanakijiji wenyewe. Kisha vijana hao hao wakapelekwa kijiji kingine, wakapanda miche, wakapigwa picha, na ripoti ya waandalizi ikataja idadi ya miche basi.

Nilirudi huko baada ya bamvua, maji makuu ya bahari. Miche waliyopewa ilikuwa ya aina moja tu ya miti hiyo, ile iitwayo hasa mkoko, nayo ilikuwa imechomekwa ukingoni kabisa, upande wa bahari kuu, mahali pa aina nyingine, mlilana, na mingi ilikuwa imeng'olewa na mawimbi. Mama mmoja wa kitaluni aliniambia wao hawapandi mkoko pale, na kwamba siku ile hakuna aliyewauliza. Wanawake walikuwa wameacha shughuli zao asubuhi nzima kuwapokea wageni, lakini katika fomu zote za kozi hapakuwa na hata swali moja la kuwauliza wao.

Ndiyo maana nakuomba sana: tathmini yenu ianzie kwa wenyeji. Waulizeni kabla ya ziara wanataka nini, na baadaye waulizeni wamepata nini, wamepoteza nini, na kama wangependa wageni hao warudi. Waulizwe kwa mdomo, kwa Kidigo kama ndicho wanachokitumia, na mtu asiye mwandalizi, la sivyo mtaambiwa ya adabu tu. Miche nayo ihesabiwe iliyo hai baada ya miezi sita, na wanafunzi watafutwe wakati huo huo, waseme wamefanya nini tangu waondoke.

Hayo nimeyapendekeza huku, nikajibiwa fungu limekwisha. Kwenu bado kuna nafasi. Tengeni nauli ya kurudi kijijini na posho ya watakaohojiwa, tena muiandike katika bajeti ya kozi yenyewe. Nitumie rasimu kabla haijapelekwa kwa wafadhili, niipitie, nami nitakutumia lile swali la hoteli pamoja na namna ya kusahihisha majibu yake.

Wasalimie watoto.

Nduguyo akupendaye