Jumamosi: The Dark Knight Rises, saa 1:00 kamili usiku

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tunamalizia Batman za Christopher Nolan kwa filamu ya tatu, ya mwaka 2012. Ina dakika 164. Tukianza saa 1:00 na kupumzika dakika 10 baada ya pambano la kwanza la Batman na adui yake Bane, tutatoka kabla ya saa 4:00.

Mkikosa muda wa kurudia zilizotangulia, angalieni angalau dakika 15 za mwisho za The Dark Knight, filamu ya pili. Uongo kuhusu mwendesha mashtaka Harvey Dent unaanzia pale, na hadithi hii inaendelea miaka 8 baadaye. Kutoka Batman Begins, filamu ya kwanza, mkumbukeni adui Ra's al Ghul na jeshi lake.

Atakayeshika projekta: diski hii hubadilisha umbo la picha. Sehemu zilizopigwa kwa IMAX (kamera za picha kubwa na ndefu zaidi), kama ile ya ndege mwanzoni, hujaza skrini yote. Nyingine huja na mistari myeusi juu na chini. Acha umbo la picha kwenye 16:9, tafadhali usivute picha kuondoa mistari, maana utakata vichwa kwenye IMAX.

Sauti ndiyo kazi kubwa. Bane huongea kupitia barakoa, na besi ikizidi maneno humezwa. Punguza besi, pandisha spika ya katikati, washa maandishi. Jaribu pale anapomwekea mfanyabiashara Daggett mkono begani taratibu: usiposikia kila neno, rekebisha tena.