Malalamiko: Kumtoa baharia mgonjwa karantini na kumpanga kwenye bufee

Kwa Meneja wa Ajira za Mabaharia,
Mombasa.

Bwana Meneja, salaam.

Naandika kwa niaba ya mabaharia 11 mliowapeleka kwenye meli ya watalii inayozunguka Karibi kutoka Miami. Mkataba mliuandika wenyewe, kwa hivyo sitawasomea.

Siku ya nne ya safari, meli ikiwa kwenye tahadhari nyekundu, yaani ngazi ya juu ya kuzuia ugonjwa usienee, mhudumu wa jikoni aliyekuwa karantini kwa kutapika na kuharisha aligongewa mlango akaambiwa avae sare. Zilikuwa zimepita saa 19 tangu aharishe mara ya mwisho. Akapangwa bufee, upande wa saladi. Nusu saa haikutimia, akatapika sakafuni, hatua mbili kutoka mezani, abiria wakiwa foleni na sahani mikononi. Msimamizi akamrushia taulo ya jikoni na chupa ya sanitaiza: "Pangusa, endelea."

Saa 19! Utaratibu wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka anayegusa chakula akae nje ya kazi mpaka apitishe saa 48 bila dalili hata moja, kisha zahanati ya meli imruhusu kwa maandishi. Saa 24 ni za wahudumu wasiogusa chakula. Kijana hakupewa za huku wala za kule.

Na sanitaiza ya nini? Norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha, haitishwi na spiriti. Chembe chache mno zinatosha kumwangusha mtu mzima, na baada ya saa 12 hadi 48 naye yuko chooni. Hapo abiria walipaswa kuondolewa na eneo kuzungushiwa kamba. Anayesafisha avae glavu, barakoa na aproni ya plastiki, afyonze matapishi kwa karatasi za kutupwa na kuzifunga kwenye mfuko wa taka kwanza, maana klorini ikimwagwa juu ya uchafu nguvu zake zinaishia hapo. Ndipo sakafu ipigwe klorini ya 1,000 hadi 5,000 ppm (sehemu kwa milioni). Kwa dawa ya klorini ya asilimia 5 hiyo ni mililita 20 hadi 100 katika kila lita, iachwe dakika zisizopungua 5. Saladi yote iliyokuwa wazi pale ni ya kutupwa. Taulo ile ilirudi jikoni. Bwana Meneja, ilirudi jikoni.

Wala haikuanza siku hiyo. Siku ya pili wenzake wawili, wanaolala naye chumba kimoja na kutumia choo kimoja, walikwenda zahanati wakaandikiwa "kigegezi cha mawimbi" na kurudishwa kazini. Bahari ilikuwa shwari kama sahani. Kuharisha mara tatu ndani ya saa 24, au kutapika pamoja na homa, msokoto wa tumbo au kuumwa kichwa, huyo ni mgonjwa wa kuhesabiwa. Lakini wagonjwa wakifika asilimia 2 ya abiria au ya wahudumu, meli hudaiwa ripoti maalumu. Wakifika asilimia 3, mlipuko hutangazwa hadharani pamoja na jina la meli. Basi ikawa funika kombe mwanaharamu apite.

Najua mtasema mikono ilikuwa michache. Ilikuwa michache kweli: kwenye tahadhari nyekundu abiria hajipakulii, kila kijiko hushikwa na mhudumu, kwa hiyo bufee inataka watu wengi zaidi wakati ule ule wanaougua. Hilo hupangwa kabla ya kung'oa nanga, kwa kuwafundisha kupakua watu wa idara nyingine. Si kwa kwenda kugonga milango ya karantini.

Majibu yenu ya kwanza yaliliita jambo hili "kutoelewana kazini". Basi nalirudia. Mtu amesimama jasho likimtiririka, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Anatapika mbele ya watu. Hakuna anayemuuliza hali. Taulo inamwangukia begani, anapiga magoti, anapangusa matapishi yake mwenyewe bila glavu, na akisimama anaambiwa ashike tena koleo la saladi. Koleo lile lile. Hayo ndiyo mnayoyaita kutoelewana?

Halafu mkamkata mshahara wa siku tatu alizolala. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unampa baharia anayeugua melini matibabu bila malipo na mshahara wake kamili.

Naomba siku hizo tatu zilipwe. Kumbukumbu za zahanati za wale wawili zirekebishwe zioneshe walichougua. Msimamizi yule asipewe tena mtu wenu hata mmoja. Na wote 11 wapewe barua yenye saini yenu kwamba anayeripoti kuugua hatanyimwa mkataba ujao, kwa sababu wanaficha kuharisha wakiogopa ninyi kuliko ugonjwa.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Kwa majibu yale, ni 7. Siku ya nane nakala zitakwenda kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kwa mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, na kwa ofisi ya CDC inayokagua meli, pamoja na ratiba ya zamu yenye jina la kijana huyo na saa aliyopangwa.

Jibuni kwa maandishi. Simu sitapokea.

Mwakilishi wa mabaharia 11