Kwa mwanangu Zaina, uliyeko Brussels

Mwanangu Zaina,

Salamu zako tumezipata. Hapa Ujiji sote wazima, isipokuwa Ziwa Tanganyika limefungwa tena kwa uvuvi na dagaa hawashikiki kwa bei.

Umeniuliza kama wazee wetu waliabudu masanamu, maana mwenzako anataka kukupeleka makumbusho ya Afrika ya Tervuren, karibu na Brussels, na moyo wako unasita. Nenda, mama. Dini yako haitapungua kwa kutazama mti.

Sisi kwa upande wangu ni Watabwa wa Marungu, ng'ambo ya pili ya ziwa, na Mtabwa hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo jambo hili ni lako kuliko la kaka zako wa kwa baba. Mkisi, yaani sanamu la mti, ulichongwa kwa ajili ya mzee wa ukoo aliyekwisha kufa. Wanaogombea uchifu walitakiwa waonyeshe wametoka tumbo la nani, na mikisi ndiyo ilikuwa hati yao. Wanawake nao walikuwa na yao. Bibi yangu alinisimulia kwamba pacha mmoja akifa huchongewa kisanamu, na mama hukibeba na kukilisha pamoja na yule aliye hai, mwenzake asije akamfuata. Mimi niliyezika mtoto sioni uchawi hapo.

Ukifika, muulizie Lusinga. Alikuwa chifu mkubwa wa Marungu. Desemba 1884 watu wa Emile Storms, yule Mbelgiji aliyekuwa na kituo Karema upande wetu na kingine Mpala upande wa pili, walivamia boma lake, wakamuua, wakampelekea bwana wao kichwa. Sanamu la ukoo nalo likachukuliwa. Storms alirudi navyo vyote kwao. Baada ya kufa kwake, mjane wake akalitoa sanamu kwa makumbusho hayo. Fuvu likaishia kwenye taasisi nyingine hapo hapo Brussels.

Usimlilie Lusinga kupita kiasi. Alikuwa akiuza watu, na huenda baadhi ya waliofungwa minyororo wakapitishwa hapa Ujiji aliwakamata yeye. Lakini kumuua mtu ni jambo moja. Kubeba na sanamu la wazee wake ni kuwaambia waliobaki kwamba hawana tena cha kuonyesha. Storms alilijua hilo, ndiyo maana hakuliacha liungue na nyumba za boma zilizochomwa.

Sanamu hilo utaliona limesimama, mikono tumboni, nywele zimesukwa zikateremka mgongoni. Huo msuko uangalie vizuri, ni wa mtu mwenye cheo.

Panda tramu namba 44, nimeambiwa inafika mpaka Tervuren. Mjomba wako anataka picha ya mgongoni, si ya usoni; anasema za usoni zimejaa kwenye simu. Ukimaliza itume kwenye kundi la familia, na shangazi yako akianza kuhubiri usimjibu, niachie mimi.

Mama yako