Kamera ndani ya bunge la kaunti Jumatano hii

Habari za jioni ndugu zangu. Kituo cha runinga cha hapa mjini kimekubali kurusha kikao cha bunge la kaunti moja kwa moja Jumatano, kuanzia saa nane u nusu mchana. Nimefurahi mno.

Mnakumbuka kikao cha ada za soko. Tulikuwa saba tu, tumebanana kwenye roshani, feni haizunguki, na mpiga picha akazuiwa mlangoni na kamera begani eti hana barua. Jioni ile wauza samaki walinishika mkono wakiuliza ni mwakilishi wadi yupi aliyeunga mkono ada mpya. Iliniuma. Walistahili kumwona kwa macho yao, akisema kwa kinywa chake.

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kiko wazi: vikao vya bunge na vya kamati zake ni vya hadhara, na wanahabari hawafungiwi nje ila spika aamue, katika hali ya kipekee, kuwa kuna sababu ya haki. Mwenye printa achape nakala chache, tuwe nazo mlangoni.

Mwenye kibanda cha chai pale stendi atatuwashia runinga. Waleteni majirani, hasa wa sokoni.

Jambo jingine: tuliomba makadirio ya bajeti kwa maandishi. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa maafisa wa kaunti siku 21 za kutujibu, nazo zinaisha Ijumaa. Nani tutaongozana ofisini?